Kilima Kinachotulia Saa Sita

Nilibonyeza kidole gumba katikati ya bakuli, nikakitoa, nikaanza kuhesabu.

Moja. Mbili. Tatu.

Shimo lilikuwa bado lipo. Ute ndani ya bakuli ulikuwa mwangavu kama maji ya kisima, na pembeni tu ndipo weupe ulikuwa unaanza kuingia. Mtaa wetu mzima wa Irindinyi ulikuwa kimya. Watu mia nne na zaidi walikuwa wamekaa pale saa sita ilipowakuta, mwenye jembe kando ya jembe lake, mwenye kutwanga kaulaza mchi. Hata kuku tulikuwa tumewafunika kwa vikapu.

Nne. Tano.

"Wifi," Wakio akaninong'oneza sikioni, "wakwe zako wamesimama juani langoni. Yule mshenga wao amejipepea na kofia mpaka imekunjika."

"Nyamaza, nahesabu."

"Basi hesabu kama mtu mwenye harusi."

Harusi ilikuwa ya mjukuu wangu Saru. Wakwe walikuwa wametoka tambarare, huko ambako ardhi hujikalia yenyewe bila kubembelezwa, na ngoma zao zilikuwa mabegani. Kwetu mkwe hasimamishwi nje. Unaweza kumkopa mkwe, unaweza kumnyima, lakini kumsimamisha juani ni kumtukana.

Sita. Saba. Shimo likasawazika.

Tangu nilipokabidhiwa bakuli hili, hesabu ni tatu. Shimo likirudi kabla ya tatu, kilima kimeshika, napiga kengele na watu wanainuka. Likipita tatu, tunakaa tena. Siku za baridi hushika kwa dakika arobaini. Siku za joto baada ya mvua, kama siku ile, huenda hata saa na robo, na hakuna saa ya ukutani inayoweza kukuambia ni lini. Kidole ndicho kinachosema.

"Limerudi," nikasema kwa sauti ya kusikika, nikapiga kengele.

Watu wakainuka wakijinyoosha. Fundi wetu wa handaki, Mwachofi, akapita mbele yangu na taa yake na chupa yake ya hewa mgongoni. Ni mjukuu wangu wa ukoo, na tangu akiwa mdogo huniita mke wake.

"Mke wangu, leo kilima kimeshika upesi! Na chenyewe kinataka pilau?"

"Nenda kazini. Mume gani wewe, hata leso hujaninunulia."

"Nitakuletea mbili nikitoka," akasema, akaingia ndani ya kilima.

*

Yafaa niwaeleze kilima hicho, maana waliozaliwa juzi hudhani milima yote imekuwa hivi siku zote.

Miaka ya maporomoko, mlima wetu ulishuka mara tatu. Nyumba zililala chini ya udongo na watu wake. Serikali ikataka kutuhamishia tambarare. Ndipo wakaja mainjinia na mabomba, wakachimba kuanzia juu hadi chini, wakamwaga ndani ya kilima kitu wanachokiita jeli mseto. Sisi tukaiita ute. Ule ute ulitambaa chini ya mashamba yetu, ukapenya kila ufa, ukajaza pale udongo na mwamba vilipoachana, ukashika. Leo kuna tabaka lake chini ya miguu yetu, nene kupita kimo cha mtu, na nyumba zetu zimekalia hapo kama kuku aliyeatamia.

Injinia Mkanyika, binti aliyekuja kukaa nasi kuuangalia, alinielekeza siri yake kwa kikapu, kwa kuwa aliniona nasuka.

"Bibi, kwa nini unaweka uzi wa mkonge na uzi wa sufi pamoja?"

"Mkonge peke yake unaumiza bega. Sufi peke yake inachoka."

"Ute nao ni hivyo. Ndani yake kuna nyavu mbili zimepitana. Wavu mmoja ni wa polima, nyuzi ndefu ndefu zilizofungwa fundo la kudumu. Ukizivuta zinarefuka mara sita na hazikatiki, ila ni laini mno, haziwezi kubeba kilima. Wavu wa pili ni wa molekuli ndogo sana. Hizo hazijafungwa. Zinashikana mikono tu, mstari kwa mstari, mpaka zinakuwa ufumwele, uzi mmoja mgumu. Huo ndio unaobeba mzigo."

"Na mtu akitikisa?"

"Wale wadogo wanaachiana. Wanakubali kuachiana ili warefu wasikatike. Pigo lote linaishia kwao. Halafu ukiwapa utulivu, wanatafutana tena, wanashikana upya."

Nilibaki na ule uzi mkononi. Wadogo kiasi kwamba hakuna jicho linaloweza kuwaona, nao kila siku tunawatikisa kwa majembe, kwa pikipiki, kwa watoto wanaocheza, na kila adhuhuri tukikaa kimya wanapapasana gizani humo mpaka kila mmoja ampate mwenziwe.

Bakuli langu limechotwa kilimani humohumo, na kila asubuhi hulitikisa kiasi kile mtaa unavyotikisika. Injinia alilipima na mashine zake mwaka mzima. Mwisho akazima mashine, akasema kidole cha bibi kinatosha.

*

Ngoma zilipoingia langoni, ardhi ilicheza. Haikuanguka. Ilicheza tu, kama ngozi ya ng'ombe anayefukuza inzi. Wakwe walidhani ni raha. Sisi wenyeji tulisimama wima wote kwa pamoja, na wimbo ukakatika katikati.

Mlango wa handaki uko chini ya shule ya zamani, si mbali. Nilifika nikihema, nikamkuta Injinia Mkanyika amepiga magoti, taa imeelekezwa ndani.

Handaki ni njia iliyopitishwa katikati ya ute ili fundi aweze kuingia kuukagua. Hatua kumi za mwanzo zilikuwa wazi. Kuanzia hapo kuta zilikuwa zimelegea, zimekutana. Na nyuma ya mkutano huo, mbali kadiri ya vitanda viwili vikiunganishwa, nilimwona Mwachofi.

Nilimwona kabisa. Ute ulikuwa mwangavu kama hewa. Alikuwa amejikunja, magoti kifuani, kama mtoto ambaye hajazaliwa, taa yake bado inawaka ubavuni na mwanga wake unapita kwenye ute ukigeuka rangi ya asali. Hakuna kilichomgusa kwa ukali. Kilima kilikuwa kimemkumbatia tu. Macho yake yalitutazama juu ya barakoa yake ya hewa, na kidole chake kimoja kikanyooka taratibu, kikatusalimu.

Nimeona mengi. Sijaona kitu kizuri na cha kutisha kama kile.

"Ana hewa ya dakika arobaini," Injinia akasema. Sauti yake ilikuwa kavu. Mkono wake ulikuwa juu ya gurudumu jekundu la bomba. Kila mtu Irindinyi anajua gurudumu lile. Likifunguliwa, dawa ya kufunga inamwagika, inajaza handaki lote, inakuwa jiwe kwa muda wa kunywa chai, na kilima kinapona. Chochote kilicho ndani kinabaki ndani.

"Usiguse hilo," Wakio akasema.

"Shangazi, nisikilize. Bakuli lilisema kilima kimeshika. Kama kilikuwa kimeshika na bado kikalegea kwa ngoma nne, basi nyuzi ndefu zimekatika. Wavu wa kwanza umezeeka. Huo hauponi kwa kutulia. Na tazama juu."

Tukatazama. Mawingu yalikuwa yanapanda kutoka tambarare, meusi chini.

"Mvua ikikuta kilima hivi, tunashuka wote. Watu mia nne. Nisipofunga sasa..." Alikuwa akilia bila kusogeza uso, machozi yanajishukia yenyewe.

Mke wa Mwachofi, Mkiwa, alikuwa amefika. Hakupiga kelele. Alisimama mkono mdomoni, kwa sababu kelele ni mtikisiko na sisi tumelelewa hivyo.

Nyuma yetu walikuwa wakwe, mshenga na kofia yake, Saru katika nguo zake nyeupe, mtaa mzima. Na mimi kidole gumba kilikuwa kinaniwaka kama nimekitia jikoni.

Nilijua nikisema, nitakuwa mimi ndiye niliyemzika Mwachofi. Nitakuwa nimemharibia Saru mbele ya wakwe zake siku ya kwanza. Nikinyamaza, itakuwa kilima kimezeeka, na hakuna mtu anayeweza kukilaumu kilima kwa uzee.

Ndani ya ute, kidole cha Mwachofi kilikuwa bado kimenyooka.

"Halikurudi," nikasema.

Injinia akageuka. "Nini, bibi?"

"Shimo. Halikurudi kwa tatu. Nilihesabu mpaka saba, nikasema limerudi. Wakwe walikuwa juani nikaona aibu. Kilima chako hakijazeeka, mwanangu. Nimekinyima usingizi, basi."

Nilimsikia Wakio akivuta pumzi. Alitaka kusema ni yeye aliyenihimiza, nikamshika mkono asiseme. Kidole kilikuwa changu.

"Saba," Injinia akasema polepole. "Una hakika? Si kumi?"

"Saba."

Mkono wake ukatoka kwenye gurudumu. Nikaona uso wake unabadilika, kama mtu aliyekuwa akisoma barua ya msiba akagundua jina si lake. "Saba maana yake bado dakika ishirini. Ishirini na mbili. Warefu ni wazima! Ni wadogo tu ambao hawakuwahi kushikana. Kilima kikitulia dakika ishirini na mbili kitabeba mvua hii na nyingine kumi." Kisha akatazama ndani, na furaha ikamtoka. "Lakini kikishika, kitashika na yeye ndani. Kitamkaza hivyohivyo alivyo. Kifua hakitapanuka."

"Basi nafasi yake ipatikane kabla hakijashika," nikasema.

"Kwa kitu gani, bibi? Kwa sururu? Pigo moja tu na tunaanza upya."

Nikaangalia nyuma. Mabinti waliomsindikiza Saru walikuwa wamesimama na zawadi kichwani: vikapu kumi na kimoja, vikubwa vya kubebea, nusu yake nimevisuka mimi. Na nyuma yao masufuria ya harusi yakitoa mvuke.

"Wale wadogo," nikauliza, "wanaachiana kwa kutikiswa tu, au hata kwa joto?"

Injinia alinigeukia. "Hata kwa joto. Joto dogo. Kama la mwili wenye homa. Likizidi hapo kidogo, utayeyusha mpaka juu yetu."

"Joto la maji ya kumwogeshea mtoto."

"Ndiyo... ndiyo, hilohilo."

"Nimeogesha kumi na tisa," nikasema, nikakunja mikono ya gauni.

"Bibi, una miaka sabini na nne. Nahitaji mtu ambaye hatakimbiza mkono."

"Haraka yangu yote nimeitumia saa sita. Haijabaki hata chembe."

*

Waliotakiwa kutulia walitulia. Sijui niseme nini zaidi. Watu mia nne na wageni wao hamsini. Injinia aliinua mkono, na wa kwanza kukaa alikuwa Saru, kwenye tope, na nguo yake nyeupe, bila kuitazama. Mshenga alimwona bibi arusi amekaa chini, akavua kofia, akakaa kando yake. Wapigaji ngoma wakazilaza ngoma mapajani wakazifunika kwa viganja, kama mtu anavyomfunika mtoto masikio.

Tulikata matako ya vikapu kwa kisu. Nikachovya leso katika maji ya masufuria, nikajaribu kwa kiwiko. Moto. Nikaongeza baridi. Nikajaribu tena. Ndiyo hilo. Nikajifunga leso mikononi mpaka mabegani, nikaingia, nikaweka viganja viwili ukutani.

Nilisubiri. Ute ulikuwa baridi kama shavu la mtu aliyelala nje. Kisha chini ya viganja vyangu, ukaniruhusu. Sikuusukuma. Nyuzi ndefu zilifunguka kama kitambaa kinavyofunguka usipotaka kukichana, zikarefuka, zikajisogeza huku na huku, mikono yangu ikazama. Mkiwa alikuwa nyuma yangu akinibadilishia leso. Nilipopata upana, nikapokea kikapu kisicho na tako, nikakiteleza ndani, kikakaa kama pete, kuta zisikutane tena. Cha pili. Cha tatu. Nikitambaa kwa magoti ndani ya kazi ya mikono yangu mwenyewe.

Na pande zote kilima kilikuwa kinashika.

Hilo ndilo nataka mlijue. Nililiona. Kwenye mwanga wa taa, ndani ya ule uangavu, ulitokea uzi mmoja mweupe, mwembamba kuliko unywele wa mtoto. Ukarefuka peke yake. Ukatoa tawi. Tawi likamkuta mwenzake aliyekuwa anakuja kutoka upande wa pili, wakagusana, wakawa mmoja. Kisha kumi. Kisha siwezi kuhesabu. Walikuja kutoka juu, chini ya shule, kutoka chini ya makaburi yetu, kama ukungu unavyoshika kwenye utando wa buibui asubuhi, ila huu ulikuwa hai na ulikuwa unajua unakokwenda. Hakuna aliyewaamrisha. Watu walikuwa wamenyamaza juu, na humu chini wadogo walikuwa wanashikana mikono. Nililia. Niliogopa hata chozi lisije likadondoka kwa kishindo.

Lakini kadiri weupe ulivyoongezeka, Mwachofi alikuwa anapotea. Kwanza miguu. Kisha magoti. Nilipoweka kikapu cha tisa, ulibaki uso tu, na ule mwanga wa asali.

"Zimebaki dakika tano," Mkiwa akaninong'oneza, midomo ikigusa sikio langu.

Kila kitu ndani yangu kikataka kusukuma. Mkono ulijaa nguvu ambayo sijawa nayo tangu ujana. Nikaunyima. Nikabadilisha leso. Nikajaribu kwa kiwiko. Nikaweka kiganja, nikasubiri kilima kiniruhusu.

Cha kumi. Uso ulikuwa umepotea. Nilikuwa napapasa weupe mtupu, na sikujua kama niko sawa au nimepita pembeni. Basi nikafanya kama wale wadogo. Nikanyoosha mkono, nikautuliza hapo.

Kidole kikagusa changu.

Tulimpanulia kifua kwa kikapu cha kumi na kimoja. Alivuta pumzi ndefu mpaka mkonge ukalia. Tukamtoa kwa kumteleza kidogo kidogo ndani ya vikapu, kichwa mbele, na Mkiwa alimpokea mapajani pasipo kutoa hata sauti, amemng'ata mumewe bega ili asipige kelele. Dakika ya ishirini na mbili ilikuwa bado. Tulikaa hapo watatu, tumeshikana, mpaka Injinia alipoleta bakuli langu mlangoni.

"Bonyeza, bibi."

"Bonyeza wewe."

"Bonyeza."

Nikabonyeza. Kabla sijasema mbili, likawa limerudi.

Mvua ilinyesha mpaka magharibi. Kilima hakikucheza hata kidogo.

*

Jioni ileile, chini ya turubai la harusi, niliweka bakuli mbele ya wazee nikasema wampe mtu mwingine. Mshenga wa wakwe, ambaye hakuulizwa, akasema huko kwao tambarare hawana bakuli, lakini kama wangekuwa nalo wangempa mtu aliyekwisha kuona linavyoweza kudanganywa. Wazee wakabishana. Wengine hawakunisamehe, na wawili hawajanisamehe mpaka leo. Nawasalimia, wanaitikia kwa kichwa. Mwisho wakaamua kwamba kidole kibaki changu ila hesabu iwe ya Mkiwa. Mimi nabonyeza, yeye anahesabu, kwa sauti, mtaa mzima ukimsikia. Ndivyo tunavyofanya.

Mwachofi aliniletea leso mbili. "Moja ya deni," akasema, "moja ya mahari. Sasa huna pa kukimbilia, mke wangu."

Vikapu vilibaki humo. Injinia alikataa vitolewe. Ukienda na taa utaona ukuta mweupe wenye alama za mkonge, mstari kwa mstari, na mwisho kabisa, mahali nilipomngoja, kuna kiganja. Ni changu, na gumba limejitokeza wazi. Injinia alisema ute ulishika ukiwa umekunjwa hivyo, na kwamba baada ya mwezi mmoja au miwili nyuzi ndefu zitauvuta ukuta urudi na alama itapotea.

Huu ni mwaka wa sita. Kila Jumamosi baada ya kengele, Mkiwa hunishika mkono tunaingia. Naweka gumba langu pale. Tunahesabu wote wawili, tatu, saba, mia. Shimo la gumba halirudi. Kisha tunatoka nje taratibu, kwa nyayo za pole, maana wadogo ndiyo kwanza wameshikana.